Jaji Pinkus na Sidiria za Hongkew

Siegbert Pinkus alikuwa jaji mjini Breslau mpaka siku Ujerumani ilipogundua kwamba Myahudi hawezi kuielewa sheria, hata kama ameitumikia miaka kumi na minane. Hakupiga kelele. Alikata rufaa. Aliandika kurasa ishirini, akaambatisha nakala ya nishani aliyopewa alipopigania nchi hiyo hiyo, akakaa kusubiri. Novemba 1938 wanaume wanne walivunja mlango wake, wakampeleka kambi ya mateso wiki sita, kisha wakamrudisha amenyolewa kipara, akiwa ametia saini ahadi kwamba ataihama nchi upesi.

"Utaratibu haukufuatwa," alimwambia mkewe.

"Haukufuatwa," Selma akajibu. "Funga sanduku."

Siku hizo dunia nzima ilituhurumia sisi Wayahudi. Kila ubalozi ulituhurumia kwa barua yenye mhuri mzuri na jibu la hapana. Shanghai peke yake haikuwa na muda wa kutuhurumia. Bandarini hakuna aliyetuuliza viza. Selma alipanga foleni siku tatu kwenye ofisi ya meli, akauza piano kwa bei ya kigoda chake, wakapanda meli ya Kiitaliano kutoka Genoa.

Nilikutana nao Hongkew, mtaa wa maskini wa Shanghai, tulipogawana chumba kimoja kwa kutundika shuka katikati. Upande wao kitanda, upande wangu mimi na kiti changu cha kung'olea meno. Faragha ilikuwa kamili: sikuona kitu, nilisikia kila kitu.

Kila asubuhi Jaji alivaa tai, akaketi kitandani kungoja mambo yatulie. Aliyapa mwezi mmoja. Mwezi ukiisha, aliongeza mwingine, kwa moyo mkunjufu wa mtu aliyezoea kuahirisha kesi.

Selma, ambaye Breslau hakuwahi kuchemsha hata yai, alienda kujifunza kuwasha jiko la makaa kwa Bi Zhou, aliyeuza maji ya moto kichochoroni kwetu.

"Pepea, Bi Mkubwa!" Bi Zhou alimcheka waziwazi. "Unapepea moto au unafukuza nzi?"

Moto ulipokubali, Selma alifumua sidiria yake nzuri kuliko zote, akachora vipande vyake kwenye gazeti, akakata vitambaa vya meza alivyopewa harusini. Mteja wa kwanza alikuwa Bi Orlova, mwimbaji wa Kirusi aliyejaliwa kifua ambacho hakuna duka la Shanghai lililokimudu. Bi Orlova alitangaza habari kwa wenzake, na mwaka haukuisha kabla Bi Zhou hajaanza kuja jioni kusaidia kushona vishikizo.

"Mke wa jaji," nikasikia nyuma ya shuka, "anashona... vitu hivyo."

"Vina jina."

"Silitamki."

"Hulitamki, lakini mkate wake unaula."

Mwaka 1943 Wajapani waliokuwa wakitawala mji waliamuru sisi tusio na nchi tukae Hongkew tu. Waliiita amri ya usalama, na kweli tulikuwa salama. Hatukuweza hata kwenda kununua dawa nje ya mtaa bila kibali. Ndipo Selma akashikwa na homa ya matumbo, sidiria nne zikiwa tayari na sufuria ikiwa tupu.

Jaji alikuja foleni ya vibali na tai yake. Nilikuwa nyuma yake.

"Kazi yako?" afisa akauliza.

Nilijiandaa kusikia hotuba ya historia ya mahakama za Silesia, jimbo la kwao.

"Nashona sidiria, bwana."

Afisa akaweka kalamu chini. "Sema tena. Kwa sauti."

"Sidiria! Na leo napeleka nne."

Foleni nzima iliangua kicheko, nami nikiwemo, Mungu anisamehe. Afisa akaamuru aonyeshwe. Jaji akafungua bahasha, akaziweka mezani moja moja kama vielelezo vya kesi, akaeleza mishono na mikanda. Afisa alicheka mpaka machozi, akamzaba kofi, nadhani ili ofisi isipoteze heshima, kisha akagonga mhuri kwenye kibali.

Jaji alirudi jioni na dawa, mchele, na shavu jekundu.

"Bi Orlova analalamika mkanda wa kushoto unambana," akamwambia mkewe.

Selma aligeukia ukutani, mabega yakitikisika. Alikuwa anacheka. Halafu akalia kweli. Alipopona, alimkabidhi Jaji mkasi, na mkono wake ukawa hodari kuliko wa mkewe.

Vita vilipokwisha, orodha za walionusurika Ulaya zilibandikwa ukutani. Käthe, dada yake Selma, alibaki Breslau kwa sababu mumewe aliamini mambo yatatulia. Hakuwemo. Wala mumewe, wala watoto watatu. Jaji alizipitia karatasi mara nne kwa kidole, akitafuta kosa la karani. Hapo sina mzaha.

Mwaka 1948 Australia iliwakubali. Bi Zhou aliwapa chupa ya chai na kuwauliza nani atawauzia maji ya moto huko. Nilipowafuata Melbourne, nilikuta karakana yenye washonaji sita, na Jaji amejitundika futi shingoni.

Siku hiyo mteja mmoja, mama wa jirani, alimwambia Selma kwamba hata wao vita viliwatesa vibaya: siagi iligawiwa kwa kadi.

"Maskini, siagi!" Selma akasema kwa huruma nyingi, akamwomba ainue mikono amchukue kipimo.