Mwalimu Hataki Tafsiri

Fundi friji alianza kumtilia mkewe shaka siku alipomkuta akiongea na sufuria. Mwanamke ameishika, anainong'oneza kitu, kisha anacheka peke yake. Alipomwona mumewe mlangoni akanyamaza ghafla, akarukia kumenya vitunguu.

Alipoulizwa, akajibu ni Kifaransa. Anajifunza jioni, chumba cha juu ya duka la dawa. Kifaransa! Mshona sare za shule, Kifaransa cha nini? Akasema anataka tu. Ebo, mtu mzima haamki tu akataka Kifaransa. Tangu hapo roho ya fundi haikutulia.

Akajaribu kumchimba. Kiingereza alikijua kidogo, cha maelekezo ya mafriji, basi akamwomba mkewe amwambie maneno yale kwa Kiingereza angalau. Mkewe akakataa. Alisema mwalimu wao hataki Kiingereza darasani, kwa sababu anayepitia huko anayapanga maneno ya Kifaransa kwa desturi za Kiingereza, na yakimtoka mdomoni hakuna anayemwelewa. Wao wanashika kitu, wanakitaja, yamekwisha. Fundi akaguna. Mwalimu gani huyo asiyetaka mume wa mtu aelewe?

Nyumba yenyewe ilikuwa imepoa tangu binti yao wa pekee aolewe ng'ambo na mtu ambaye fundi hakumtaka. Alimwambia binti asitie mguu tena pale, na jina lake lisitajwe, na kweli halikutajwa. Amebaki na mke tu, na mke mwenyewe ndiye huyu, kama anayefungasha virago moyoni huku anatabasamu. Akiondoka huyu, yeye atarudi nyumbani kwa nani? Wivu ukampanda.

Jioni moja akaacha friji ya watu imefumuliwa, akapanda ngazi za duka la dawa, akachungulia mlango ulioachwa wazi. Mwalimu alikuwa mama mnene mwenye miwani, wa umri wa kumzaa yeye. Fundi aliona aibu, lakini shaka haikuisha. Huenda mama huyo ni kuwadi tu. Mbele ya darasa mkewe alikuwa amesimama na simu, anamwonyesha mtu wa upande wa pili kijiko, anakitaja pole pole. Haya sasa, huyo ndiye bwana mwenyewe! Kisha sauti ikalirudisha neno lile, na ilikuwa sauti ya mtoto mdogo.

Fundi akaingia bila hodi. Kwenye kioo cha simu palikuwa na kitoto cha kike chenye masikio yaliyochomoza pembeni, masikio yake yeye fundi, yale ambayo binti yake alikuwa akimlaumu kwa kumrithisha. Mkewe hakushtuka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mama wa mtoto alikatazwa nyumbani, na lugha ya nyumbani akaiacha huko huko mlangoni, mtoto akakulia Kifaransa tu. Bibi angeongea naye kwa lugha gani?

Mtoto akamkazia fundi macho, akauliza kitu.

"Anasema nini?" fundi akauliza.

"Mwalimu hataki tutafsiri, mume wangu."

Akamgusa kifuani kwa kile kijiko, akataja neno moja, taratibu. Mtoto akalirudia. Akalirudia tena, safari hii kwa kuita. Na fundi, ambaye hakuwa na Kifaransa hata cha kuombea maji, akaitika.