Matanga Ambayo Mama Aliyakataa

Baba yako yuko wapi? Niliulizwa hivyo tangu sijajua kufunga vifungo vya gauni langu. Hata leo nikisikia harufu ya kibuyu kilichofukizwa moshi kabla ya kutiwa maziwa, swali hilo hunirudia, maana kwetu Mkonze majirani walipenda kuliuliza asubuhi, wakati wa kukamua.

Baba aliondoka na mgambo kwenda vita vya Kagera nikiwa tumboni. Wengi walirudi, wakapigiwa ngoma, wakanenepa. Yeye hakurudi, wala habari ya uhakika haikusikika kijijini. Kila jioni mama alimtengea ugali na mlenda katika sahani ya bati, akaifunika. Asubuhi nilikula mimi. Kwa hiyo, msinicheke, baba yangu nilimjua kama kiporo.

"Mama, kama yuko hai mbona haji?"

"Kula. Shule inakungoja."

Vita vilikuwa vimeondoka na sukari, sabuni na khanga. Nilipokuwa darasa la nne vitu hivyo vilikuwa vimerudi madukani, ila sasa kazi ndizo zilizokuwa zikiondoka. Ni enzi ya ruksa, watu walisema, ya soko huria. Baba Mdogo, mdogo wake baba, alipunguzwa kiwandani Morogoro, akarudi na suti ya mtumba yenye mabega mapana kuliko mlango wetu. Malori ya wanunuzi wa ng'ombe nayo yakaanza kufika kutoka Dar. Baba Mdogo akalitazama zizi la kaka yake, kisha akamtazama mama.

Desturi ilikuwa wazi. Mtu akifa, ndugu wananyoa nywele, matanga yanakaliwa, kisha mifugo inagawanywa na mjane anakabidhiwa kwa ndugu wa mumewe. Baba Mdogo alikuwa na wake wawili tayari, na binti zake wote walikuwa wameozwa kabla ya kumaliza shule. Sikuhitaji mtu wa kunieleza zamu iliyofuata ni ya nani.

Siku lori liliposimama mbele ya zizi, mama alikaa chini langoni, akanyoosha miguu.

"Shemeji, toka hapo," alisema Baba Mdogo. "Kaka amekufa. Nchi nzima inajua."

"Nchi imekuonyesha kaburi?"

"Miaka yote hii, shemeji!"

"Nani kati yenu alinyoa nywele? Mlilia lini? Mbona mimi sikualikwa?"

Wazee walioletwa kushuhudia wakatazamana. Hakuna kichwa kilichowahi kunyolewa kwa ajili ya baba. Mnunuzi akakuna shingo.

"Kwani huyu mwenye ng'ombe alikwenda wapi?"

"Vitani," mama akajibu.

"Alipewa bunduki?"

"Walimpa."

Mnunuzi akapanda lori lake. "Mimi nanunua ng'ombe, mama. Mtu mwenye bunduki akirudi kuulizia mali yake, mimi simo!"

Watu walicheka, hata wazee. Baba Mdogo alirudi misimu miwili zaidi, bila lori, na mama akamwuliza maswali yale yale, mpaka shemeji yake akachoka akaenda kulima zabibu.

Nikaendelea na shule. Chuo kikuu nilijifunza kutilia shaka kila kitu, nikaanza na mama. Likizo moja nilimweleza jinsi vita vinavyomeza watu bila kuacha alama. Nilimhurumia kwa matumaini yake. Alinisikiliza huku akichambua mlenda, kisha akasema nimekonda.

Mwaka jana, mtaa wa Miyuji, nilikutana na mzee ambaye alikuwa mgambo pamoja na baba. Nilimwamkia shikamoo, akanitazama sana kabla ya kuitikia. Alinieleza kwamba kutoka kijijini kwetu ni wao wawili tu waliopangwa katika kikosi chao, na kwamba yeye ndiye aliyemzika baba, ng'ambo ya mto Kagera. Alipokwenda kumwambia mama, mimi nilikuwa bado nabebwa mgongoni. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza nani mwingine anajua. Akajibu, hakuna.

"Basi ikae hivyo hivyo," mama akamwambia.