Msaragambo wa Wimbo

Umewahi kumlipa mtu aliyetunga wimbo unaoupenda? Usinijibu haraka. Najua umelipia king'amuzi, umelipia bando, umemlipa na fundi aliyekutengenezea spika. Nauliza kuhusu yule aliyekaa mahali akautoa wimbo kichwani mwake. Mimi nimesoma sanaa chuoni na nimebishana sana juu ya haki za watunzi, lakini sijaona mtu aliyelichukulia jambo hili kwa uzito wake kama Mama Blessing, mwenye mgahawa karibu na stendi ya Same.

Jina lake ni Honorata. Alizaliwa Maore, chini ya Gonja, akaolewa na Method, kijana aliyekuja kutoka Kigoma kukata mkonge. Method alifariki mtoto wao, Blessing, akiwa bado anabebwa mgongoni. Mama akahamia Same, akaanza kuuza makande pembeni mwa barabara kuu, na leo ana mgahawa wa bati wenye mabenchi na spika moja inayokoroma. Ana sauti ya kuamsha abiria aliyelala ndani ya basi. Ukimwambia umeshiba, anakutazama kama umemtukana.

Kila asubuhi, kabla ya kuchochea moto, huweka wimbo mmoja wa kwaya. Kwaya hiyo ilishuka kutoka milimani kuuimba kwenye harusi yake, baadaye ikaurekodi kwenye kanda. Blessing alipokua akamhamishia kwenye flashi. "Hapo Method ameniamkia," Mama husema, kisha anatia tangawizi kwenye chai.

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, aliingia kijana mmoja nadhifu aitwaye Anderson, mkaguzi wa leseni za muziki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa ule."

"Nitakula. Ila mama, una leseni ya muziki?"

"Ile pale ukutani."

"Ile ni ya biashara ya chakula."

"Kwani mimi nauza muziki, baba? Hapa muziki mtu anapewa bure, kama chumvi."

Elibariki, dereva wa bodaboda ambaye benchi la mlangoni ni kama amelinunua, akadakia: "Mwandikie na leseni ya harufu, kaka! Watu wananusa maharage toka barabarani na hawalipi!"

Sisi wateja tukacheka, Anderson naye akacheka. Kisha akaeleza, na lazima nikiri alieleza vizuri. Baa, saluni, hoteli, mahali popote pa biashara panapowapigia wateja muziki panatakiwa kuwa na leseni, na ada yake inawafikia waliotunga na walioimba.

Mama akaacha kupakua. "Na huyu wa wimbo huu, imeshamfikia?"

"Nani aliutunga?"

Hakuna aliyejua. Anderson akakuna shingo. "Kama hajajiandikisha, mama, hatuna njia ya kumpata. Lakini leseni bado unaihitaji. Nitarudi Ijumaa."

"Kwa hiyo miaka yote hii nakula cha mtu?"

Akaenda akazima spika.

"Sijasema uzime leo, mama."

"Nimezima mwenyewe."

Siku zilizofuata mgahawa ulikuwa kama chumba cha mtihani. Unasikia kila mtu anavyotafuna. "Mama, nani amefariki?" Elibariki akauliza. "Nyamaza ule," akajibiwa. Makande yalizidi chumvi, jambo ambalo sijawahi kuliona pale. Nilimwona Mama akisimama mbele ya jiko asubuhi na kiberiti mkononi, akiangalia spika, kana kwamba amesahau jinsi moto unavyoanza.

Nikaona nimtie moyo kwa hoja. Nikamwambia uamuzi wake ni wa haki. Nikasema mtunzi katika nchi hii ananyonywa na kila mwenye spika, kwamba tunacheza harusi zetu na kuzika wafu wetu kwa jasho la watu tusiowajua hata majina. Nilipandisha sauti hadi wapiga debe wakachungulia.

Mama alikuwa akikoroga sufuria. "Subiri," akasema. "Kwetu, ukitumia maji ya ndiva, siku ya msaragambo wa kulisafisha bwawa hilo mnatoka wote. Asiyetoka anatozwa. Kumbe wimbo nao una msaragambo wake."

"Siyo hivyo hasa, mama. Unalipia leseni, halafu ile ada..."

"Leseni nitalipa, hilo la sheria. Mimi nazungumzia la mwenyewe. Kwenye msaragambo hutumi mtu. Unakwenda mwenyewe na jembe."

Beatha, anayeshusha tangawizi kutoka milimani kuja kuuza, alikuwa akinywa chai pembeni. "Jembe utalipeleka kwa Mwalimu Eliufoo, kule Mbaga," akasema. "Ndiye aliyeutunga. Alikuwa anafundisha kwaya yetu. Mzima kabisa, magoti tu."

Alhamisi Mama akafunga mgahawa. Tukapanda gari la milimani, yeye, Elibariki na mimi, na majembe yetu, na sufuria ya makande aliyoipakata kama mtoto mchanga. Tulimkuta mzee mwembamba amekaa kwenye kigogo, akitazama shamba lake la tangawizi lililozidiwa na magugu.

"Karibuni. Mmetokea wapi?"

"Same, Mwalimu. Tumekuja msaragambo."

"Mimi sijaita msaragambo. Mmepotea, labda ni kule kwenye mfereji."

"Hatujapotea. Ni wa wimbo wako."

Mzee akatutazama mmoja mmoja, akitafuta nani kati yetu mwenye akili timamu. Ndipo Mama akasimama katikati ya magugu akaimba. Mwalimu Eliufoo akashika fimbo yake kwa mikono yote.

"Huo bado upo?" akauliza. "Mimi nilidhani ulikwisha na kanda."

Mama akaendelea. Mzee akasikiliza, kisha akainua kidole. "Ubeti wa pili unaukosea."

Tulipalilia hadi jua likahamia upande wa pili wa mlima. Kila nilipoinua kichwa nilimwona mzee akitabasamu peke yake. Tulipoaga, Mama akamwambia: "Kesho shuka, Mwalimu. Kuna kijana atakuandikisha upate haki yako. Na mimi nataka ruhusa ya mdomo wako. Bila hiyo siwashi."

"Kwa magoti haya?" akajibu. "Sijui, binti yangu."

Kesho yake asubuhi nilifika mapema. Spika ilikuwa kimya. Anderson alikuja kama alivyoahidi, Mama akalipa, na leseni mpya ikatundikwa kando ya ile ya chakula.

"Sasa ni halali, mama. Weka wimbo."

"Bado." Alikuwa anatazama barabara ya milimani.

Gari likafika. Yakashushwa magunia ya tangawizi, wakashuka kina mama, na wa mwisho kabisa, akishikiliwa na kondakta, akashuka Mwalimu Eliufoo amevaa koti la kanisani.

"Shikamoo Mwalimu!"

"Marahaba. Weka."

Mama akawasha. Mzee alisikiliza amefumba macho, lakini ulipofika ubeti wa pili akapiga meza. "Zima! Hapo ndipo kwaya yangu iliponiaibisha!" Akatusimamisha wote, abiria, wapiga debe, Elibariki na bodaboda yake, akatuimbisha ubeti ule na kuurudia hadi ukanyooka. Anderson, simu ikiwa wazi mkononi tayari kumwandikisha, aliwekwa kwenye besi. Mama Blessing aliimba kwa nguvu kuliko sote, na chai ilipofurika na kuzima moto, hakugeuka hata kuitazama.