Safari ya Ugalla kuwafuata askari wa Masanja

Miaka ile ya tisini nilifunga duka langu la vitenge pale Majengo kwa sababu ya neno moja. Mtaalamu alikuja hospitali yetu ya Mpanda, tai shingoni na jua lote lile, akapita wodini kuwahubiria wagonjwa wa kifua kikuu utafiti mpya: damuni mna chembe nyeupe, ndizo askari wetu, na huko Ulaya wanatafuta namna ya kuzifundisha zipigane hata na saratani. "Mezeni vidonge, muwasaidie askari!" Tukampigia makofi. Asubuhi kitanda cha Masanja, mume wa mdogo wangu Pili, niliyekuwa namuuguza pale, kilikuwa kitupu. Katoroka, na daktari alishaonya kwamba akiacha dozi atakufa.

Kwenda kwake Ugalla nilipanda lori, juu ya magunia. Dereva akauliza kama nafuata asali.

"Nafuata mpumbavu."

"Si hata mjini wapo, mama?"

Njiani likakwama, tukasukuma wote. Nikatoka na tope mpaka kwenye kilemba, namlaani Masanja na mtaalamu kwa zamu.

Jioni nikafika. Pili alinipokea analia. Masanja alikuwa amekaa kando ya zizi, anakohoa, mbavu nje.

"Shemeji, unataka kumwachia mdogo wangu ujane?"

"Nyie wa mjini hamwajui askari," akasema. "Wale wa hifadhini walininyang'anya ng'ombe, wakanichapa virungu. Leo niwalishe vidonge, wakae ndani ya damu yangu? Bora nife."

Loh! Nilicheka, halafu hasira zikanipanda. Mtu kasoma kote huko, hajui kwamba huku ukitaja askari, mfugaji anaswaga ng'ombe wake anakimbia?

"Alikosea jina," nikamwambia. "Hao ni sungusungu."

Akanyanyua kichwa. "Sungusungu wetu? Walinzi wa kijiji, wanaotoka yowe likipigwa?"

"Hao hao. Hawana gari, hawana mshahara. Wadudu wa kifua ndio wezi wa ng'ombe, wameingia wengi, na sungusungu wako wameishiwa mishale. Vidonge ndiyo mishale yenyewe."

"Sasa mbona hakusema!" Akamwita Pili amletee viatu. Nilimshika mkono mdogo wangu, tukalia wote wawili.

Kurudi tulipanda lori lile lile, Masanja kajifunika blanketi, ananiuliza kama sungusungu wa damuni nao wana mtemi wao. Nikamwambia amuulize mwenye tai.

Mpanda tulimkuta mtaalamu bado yumo wodini. Nikamsimulia yote. Akarekebisha tai. "Mama, sungusungu si neno la kitaalamu."

Nilichojifunza safari ile ni kwamba dawa haimtibu mtu aliyekwisha kukimbia. Mtaalamu yeye hakusafiri. Aligeukia vitanda vingine akaanza upya: "Ndugu zangu, askari wa mwili..."

Kitanda cha pembeni, mfugaji mwingine akaanza kupapasa viatu vyake uvunguni.

Masanja, vidonge mkononi, akamvuta shati. "Kaa chini wewe. Huyo ni mgeni."