Piramidi Yangu ya Puge

Jamani, nichekeni nikimaliza. Mimi ni mwalimu wa historia, mtoto wa Tabora mjini, nimehamishiwa Puge mwaka huu. Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati, wameniteka akili. Walijenga piramidi ndefu za mawe bila zana za chuma, mizigo ikibebwa mabegani kama misafara yetu ya zamani! Leo watafiti wanazikuta msituni, zimefunikwa na miti hadi unadhani ni vilima tu.

Basi nyuma ya nyumba niliyopanga kulikuwa na kilima. Nikafyeka majani. Nikakuta matofali ya kuchoma, yamepanda ngazi kwa ngazi, na chini milango miwili midogo yenye masizi. Hekalu! Nikazungushia kamba, nikayasugua kwa mswaki siku tatu, kisha nikampigia simu mtafiti aliyewahi kuchimba miji ya Wamaya, ambaye sasa anafuatilia njia ya misafara huku kwetu.

Akaja kweli. Akapiga magoti, akachungulia mlangoni. Mama mwenye nyumba akatokea na ndoo yake.

"Shikamoo, mama," nikasema kwa kujidai.

"Marahaba, mwalimu. Mbona unalipiga mswaki tanuru langu?"

Mtafiti akaanza kukohoa.

"Tanuru?" nikauliza.

"La matofali. Kwenye hivyo vimilango tulitia kuni. Kila tulipochukua tofali, ngazi ikabaki. Hiyo nyumba unayolala, mwalimu, yote imetoka humo."