Soko la Ndizi Ambalo Wanaume Hawakulitaja

Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilikuwa kupanga safari za watu wengine. Pale Arusha mjini, enzi za Mwingereza, nilikuwa karani mdogo katika ofisi moja ya mambo ya kilimo yenye madirisha mawili, moja likitazama mlima Meru na jingine likitazama ukuta. Mimi nilipewa meza ya upande wa mlima. Nadhani walikosea, maana kijana wa darasa la sita anayeota ndoto mchana kweupe hafai kuwekwa mbele ya mlima. Nilikuwa naandika mstari mmoja, natazama wingu likikaa kileleni kama kofia, halafu nasahau nilikuwa naandika nini.

Lakini kazi niliipenda jamani. Mkubwa wetu, Mwingereza mrefu mwenye shingo nyekundu na moyo mwema, alitaka kuyajua masoko yote ya wakulima, kuanzia Kisongo kwenye ng'ombe na mahindi mpaka Nkoaranga kwenye kahawa na migomba. Nani anauza, anauza nini, siku gani, kwa bei gani. Na kabla ya kutuma waulizaji ilibidi mambo yapangwe: nyumba zipi zitembelewe, njia ipi ipitwe, maswali gani yaulizwe. Ramani kubwa ilitandazwa mezani, mimi nikapewa penseli nyekundu ya kutia alama kwenye masoko. Kila nilipoweka doa nilikuwa nasikia kelele za soko lile. Pale Olasiti niliweka doa, nikasikia mbuzi kabisa.

Ofisi ilikuwa na watu wachache na masoko yalikuwa mengi. Kwa hiyo mkubwa alisema soko litakaloonekana halina watu litafutwa kwenye orodha na kufungwa, na wauzaji wake watateremka kuuza kwenye soko kubwa la barabarani. Niliyaandika maneno hayo kwa mwandiko wangu mzuri, tena nikayapigia mstari kwa rula.

Sasa nieleze habari za mama mdogo. Ndiye aliyenilea baada ya mama yangu kufariki. Alikuwa na kihamba cha migomba na kahawa pamoja na mumewe, baba mdogo, huko juu kupita Nkoaranga, mahali ambapo njia imesimama wima kama ngazi. Goti lake la kulia lilikuwa limevimba tangu zamani, na kila mvua ikikaribia lilimwambia. Lakini kila Jumanne alijitwisha mkungu wake juu ya ngata akaenda kwenye soko letu la juu. Halikuwa mbali, ukianza wimbo wa kanisani nyumbani unafika kabla hujaumaliza. Soko lenyewe lilikuwa uwanja tu wa nyasi, halina banda wala uzio.

Mkubwa alitaka tujaribu maswali kwanza kwenye nyumba ishirini. Akaniuliza, "Wewe ni mtu wa huko. Utanichagulia nyumba?"

"Hata kwa macho yaliyofumbwa, bwana."

Akanipa karatasi. Juu yake palikuwa na nafasi ya kuandika jina la mwenye shamba atakayeulizwa. Basi nikaandika majina ishirini, na yote ishirini yalikuwa ya wanaume.

Hapa ndipo nilipokosea, na mzungu asingeweza kukosea hivyo. Yeye angekosea kwa kutojua. Mimi nilijua. Kwetu mwanamume anaijua kahawa yake mpaka punje ya mwisho, na ng'ombe wake anawajua kwa majina. Ndizi ni za mama. Anazipanda na kuzikata mama, anauza mama, na hela yake hakuna anayeiuliza. Mwanamume akionekana sokoni anapapasa mikungu, watu wanaulizana mkewe kapatwa na nini. Yote hayo niliyajua tangu nimebebwa mgongoni. Lakini nilipoiona ile karatasi ya serikali, niliona aibu kuijaza majina ya akina mama, kana kwamba kwetu hakuna wazee.

Nikapanda na karatasi zangu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya baba mdogo. Aliketi kwenye kigoda, akavaa koti kwa sababu anahojiwa. Maswali ya kahawa aliyajibu kama mwalimu. Nikafika kwenye ndizi.

"Mkungu wa mshare unauzwa bei gani, baba?"

Akatazama juu. "Andika shilingi moja."

"Moja?"

"Ni kidogo? Basi andika mbili."

Jikoni nikasikia mtu anakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kuficha kicheko, nakijua.

"Na ndizi zenu mnazipeleka soko gani?"

"La barabarani," akasema bila kusita, maana ndiko yeye alikopitia akienda mjini. "Soko lingine liko wapi?"

Niliandika. Ningefanyaje? Mtu mzima huwezi kumkatalia mbele ya mkewe. Na nyumba zote zilizofuata zikawa hivyo hivyo. Mmoja aliniambia bei ya mkungu ni sawa na bei ya jogoo. Mwingine alifikiri sana, halafu akaniuliza mimi wenzake wamesemaje.

Nilirudi mjini nikiwa na furaha, karatasi ishirini zimejaa, hakuna nafasi tupu. Mkubwa alizisoma siku nzima. Jioni akaniita kwenye ramani.

"Hizi bei za ndizi zinachekesha," akasema. "Tutaziuliza tena. Lakini jambo moja wote wamekubaliana. Hili soko la juu hakuna hata mmoja anayelitumia." Akachukua kifutio, akafuta doa langu jekundu taratibu, halafu akapuliza makombo. "Ijumaa ya wiki ijayo orodha inapelekwa kwa wakubwa. Tumepunguza moja."

Nilirudi mezani kwangu bila kuungama. Niliona goti la mama mdogo. Nilimwona anateremka ile njia na mkungu kichwani kwenye utelezi, halafu apande tena jioni. Mara moja angeweza, labda na mara ya pili. Halafu angebaki nyumbani, na mtu aliyezoea kushika hela yake mwenyewe angeanza kuomba ya chumvi. Na aliyelifuta soko lake hakuwa yule mzungu mwenye kifutio. Nilikuwa mimi na majina yangu ishirini.

Jumamosi nikapanda kwenda kumwambia. Alikuwa anamenya ndizi, kisu kikienda bila yeye kukitazama. Nilimweleza yote.

"Ulimuuliza nani habari za soko letu?"

"Baba mdogo."

"Ungemuuliza na ng'ombe basi, yuko pale pale karibu naye." Kisha akaacha kumenya. "Sisi tuko pale kila Jumanne tangu bibi yako. Na wewe ulikuwa unalala pale kwenye majani ya migomba, nzi wanakutembea. Leo soko halipo?"

"Nisamehe, mama."

"Kukusamehe nimekwisha kukusamehe. Goti ndilo halijakusamehe." Akaniangalia akaona machozi, akanipiga kidogo begani kwa upande wa kisu usiokata. "Wewe moyo wako wa maziwa, utamwagika siku moja. Mlete huyo mzungu wako Jumanne. Aje kwa miguu, asije na motokaa. Na karatasi zake azifiche, watu wakiona karatasi wanadhani ni kodi."

Jumatatu asubuhi nilisimama mbele ya meza ya mkubwa. Nilikuwa nimejitungia maneno mazuri, yote yakapotea. Nikasema tu, "Bwana, ile orodha ya nyumba ni mbaya. Niliijaza vibaya nikijua."

Nilimweleza habari za ndizi na akina mama. Alisikiliza akigonga meza kwa penseli.

"Kwa nini hukuandika wanawake?"

"Niliona aibu, bwana."

"Kwa ajili ya nani?"

Swali hilo sikuwa nimejiuliza. "Kwa ajili yetu," nikasema. "Nilitaka tuonekane watu wa maana."

Aliiweka penseli chini, nami nikaanza kuiaga meza yangu ya mlimani. Mwishowe akasema, "Mimi mwenyewe niliyasoma majina yale yote na sikuuliza. Kesho tunaondoka saa ngapi?"

Tuliiacha motokaa Nkoaranga tukapanda kwa miguu. Usiku mvua ilikuwa imenyesha. Mkubwa aliteleza mara tatu, na mara ya tatu aliketi kabisa kwenye tope, akasema neno la Kiingereza ambalo shuleni hatukufundishwa. Akina mama walitupita na mikungu vichwani, shingo zimenyooka, wala hawatazami chini. Alisimama akawatazama mpaka wakapotea kwenye kona.

"Wanakwenda wapi wote hawa?" akauliza.

"Kwenye soko ambalo halipo, bwana." Lilinitoka tu. Bahati akacheka.

Uwanja ulikuwa umejaa. Mikungu ya mshare imelazwa juu ya majani, mafungu ya viazi vikuu, magadi, na akina mama wa upande wa Waarusha waliokuja na vibuyu vya maziwa. Tulipoingia kelele zikakatika kama mtu amefunga mlango. Mkubwa akasalimia kwa Kiswahili chake. Hakuna aliyeitikia. Akamwinamia mama mmoja akamuuliza bei ya mkungu. Yule mama akatazama mawingu. Akamuuliza wa pili, naye akawa kiziwi ghafla.

Nilimtafuta mama mdogo kwa macho. Alikuwa kwenye nafasi yake, goti limenyooshwa mbele, anachekea kwenye kanga. Wala hakuinuka. Halafu mama mmoja mnene, jirani yake, akasema kwa Kimeru kwa sauti ya uwanja mzima:

"Huyu mbona anakuja sokoni mwenyewe? Hana mke?"

"Labda amefiwa," akasema mwingine.

"Mtazameni matope ya suruali. Mtu mwenye mke hatoki nyumbani hivyo!"

Mkubwa akaniuliza wanasema nini. Nikababaika, nikamwambia wanauliza kama mkewe hajambo.

"Mke wangu yuko Ulaya," akasema. "Mwaka wa pili sasa. Hali ya hewa hii haikumpenda."

Niliwafasiria. Nakwambia, uwanja mzima ulivuta pumzi ya huruma.

"Amemwacha!"

"Masikini. Na mrefu hivi. Nani anampikia?"

"Mpishi," nikasema.

"Mwanamume?"

"Ndiyo, mama."

Hapo hawakuvumilia tena. Yule mama mnene akanyanyuka, akamshika mkubwa mkono kama anamvusha mto, akampeleka kwenye mikungu. "Mwambie huyu mtoto wa watu asije akaibiwa huko barabarani. Huu mkubwa ni senti hamsini. Ule mdogo asitoe zaidi ya thelathini. Na akiambiwa shilingi, akimbie!" Mwingine akadakia kwamba hamsini ni siku za mavuno, si kabla ya mvua. Wa tatu akambishia. Mama wa maziwa akamwonjesha kwenye kifuniko cha kibuyu huku akimweleza bei ya kiangazi na bei ya masika. Walikuwa wanagombana ni nani atamfundisha kununua. Nilikuwa nafasiri mpaka mate yakanikauka, na mkubwa, aliyekatazwa karatasi, alikuwa anaandika kwenye kiganja chake kwa penseli, halafu kwenye kifundo cha mkono, halafu akapandisha mkono wa shati.

Siku ile tulijua mengi zaidi kuhusu ndizi kuliko karatasi ishirini zilivyojua. Tulijua nani anatoka kihamba kipi, anatembea muda gani, na kwa nini hateremki barabarani. Sababu hiyo mama mdogo aliisema mwenyewe. Alimwita mkubwa karibu, akamwonyesha goti lake bila aibu, akalipiga kofi dogo. "Mwambie hili haliteremki," akaniambia. Nikamwambia. Mkubwa akachuchumaa akalitazama goti lile kwa heshima, kama mtu aliyeonyeshwa shamba.

Kesho yake mpango ukaandikwa upya. Mambo ya kahawa wataulizwa wazee nyumbani. Mambo ya ndizi na maziwa wataulizwa akina mama wenyewe, uwanjani, siku yao ya soko, na muulizaji aende na mama wa pale pale. Mimi ndiye niliyepiga chapa. Nilipofika kwenye orodha ya masoko, mkubwa akaniamuru nilirudishe lile la juu, kisha akainamia ramani. "Linaitwaje?"

Sisi tulisema "sokoni" tu, basi.

"Lazima liwe na jina. Nafasi tupu wakubwa wataifuta."

Alhamisi nikapanda mbio. Mama mdogo akaita jirani, jirani akaita wenzake, wakajaa kwenye kibaraza na ugomvi ukaanza. Huyu anataka jina la kijito chao, yule la ukoo wa mumewe, wengine wakasema ukoo wa mumeo tangu lini unajua sokoni? Waliletewa loshoro, mahindi na ndizi za maziwa ya mgando, wakala, wakaendelea. Jua likaanza kushuka nami nina safari ya kurudi mjini. Nikasema, "Mama zangu, kesho ni Ijumaa."

Mama mdogo alikuwa ameketi, mguu wake juu ya gunia. "Andika Soko la Mama wa Juu," akasema. "Anayelitaka apande."

Wakatazamana. Hakuna aliyepinga. Niliandika hapo hapo, karatasi juu ya paja, na yule mama mnene akaniinamia begani. Kusoma hakujua, lakini alinitaka niweke kidole kwenye neno linalosema "mama," akalitazama sana.

"Ni dogo," akasema. "Liongeze."

Basi nikaliandika tena kwa herufi kubwa.