Mwanangu Ameanza Kuniita Mkaza Mjomba

Mama huyu ametuomba tumsitiri jina. Barua yake tunaiweka kama ilivyotufikia.

Assalaam alaikum ndugu wasomaji. Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, nakaa Ngamiani hapa Tanga, nakaanga bajia barazani. Mume wangu alipunguzwa kazi kiwandani, sasa anabangaiza tu. Tuna mtoto mmoja wa kike, yuko darasa la kwanza.

Mwanangu mfupa wa mguu umeoza kwa ndani, unatoa usaha. Daktari wa hospitali ya serikali alisema asipopasuliwa upesi, mguu utakatwa. Zamani pale ilikuwa bure, siku hizi wanasema kuchangia. Mimi kusikia mchango nikadhani ni kama wa harusi, kila mtu anatoa alichojaaliwa. Nikafunga vijisenti vyangu kwenye pindo la kanga, nikaenda. Karani akacheka, "Mama, hapa hatuozi mtu. Na ukishalipa, ukanunue glavu, uzi na dawa, sisi hatuna." Nikaenda Raskazone kwa daktari wa binafsi, hawa walioruhusiwa juzijuzi. Pasafi, dawa tele, lakini hata tukiuza kitanda na cherehani hatufiki nusu ya bei yake.

Ndipo akaja wifi yangu kutoka Mombasa. Ameolewa kule, ana kipande cha Kenya, kile kitambulisho cha uraia, na Mungu hakumjaalia mtoto. Kumbe hospitali ya serikali ya kule kwa mwenyeji ni nafuu kuliko hata hii yetu, ila mgeni anatozwa kama yuko kwa binafsi. Akaniambia, "Wifi, nitamwandikisha wangu wa kumzaa. Lakini akishapona abaki kwangu. Sitaki kulea nikanyang'anywa."

Mume wangu anasema mtoto hapotei kwa shangazi yake. Ni rahisi kwake kusema. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Wifi bado yuko hapa kwetu, anamfundisha mtoto majibu ya hospitali. Mama yako nani? Mtoto anamwonyesha yeye. Na huyu je? Hapo ananionyesha mimi. Maana mume wangu sasa amekuwa mjomba, basi mimi ni mkaza mjomba. Mwanzo mtoto aliona mchezo, akacheka mpaka akapaliwa. Nami nikacheka naye, huku roho inaniuma jamani.

Jana mguu ulimzidi. Siku zote akizidiwa hulia mama, mama. Jana nimekaa naye peke yetu, hakuna anayemuuliza kitu, akafumbua macho akasema, "Mkaza mjomba, naomba maji." Nikamletea. Wifi alikuwa mlangoni, akasema, "Haya, ameshaweza."

Wanaondoka Jumamosi. Nikimzuia, mwanangu atakatwa mguu nikiona. Nikimwachia, atatembea, lakini kwangu atakuja kama mgeni. Silali, sili, hata bajia naunguza.

Nishaurini ndugu zangu, nifanye nini? Na akiniita tena hilo jina, niitike?